Uyoga Unaong'aa wa Msituni na Ngisi wa Kilindini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Uyoga unaong'aa juu ya gogo bovu na ngisi anayemulika mita mia kadhaa chini ya bahari hulinganishwa mara nyingi kuliko mtu angetarajia. Sababu ni picha zao: giza totoro, na ndani yake kiumbe chenye mwanga usio na joto. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo yanayojirudia zaidi. Yameanza na ya msingi na kuishia na yale ya pembeni kabisa. Pale jibu moja linapoegemea jingine, imewekwa namba ya swali badala ya kurudia maelezo.

## Misingi

1. Ni uyoga upi na ngisi yupi hasa wanaozungumziwa?

Hakuna mmoja pekee kwa kila upande. Kuvu (kundi la viumbe ambalo uyoga ni sehemu yake) zinazojulikana kutoa mwanga zimepita spishi 100, idadi ndogo sana ukikumbuka kwamba kuvu zilizokwisha kupewa majina ya kisayansi ni zaidi ya 150,000. Zinazotajwa sana ni jamii ya Armillaria, ambayo hushambulia mizizi ya miti. Omphalotus, wenye kofia za rangi ya machungwa au hudhurungi. Mycena, uyoga mdogo mwembamba. Na Neonothopanus gardneri wa Brazili.

Kwa upande wa ngisi, anayeongoza kwa umaarufu ni Watasenia scintillans wa bahari za Japani, ambaye wengi humwita ngisi kimulimuli. Wengine ni Taningia danae, mwenye taa mbili kubwa kwenye ncha za mikono; jamii ya Histioteuthis, waliotapakaa taa mwili mzima; na Vampyroteuthis infernalis, ambaye kusema kweli si ngisi kamili (tazama swali la 14).

2. Je, wana undugu wowote?

Wanao, na ni wa karibu kuliko watu wengi wanavyodhani. Uyoga si mmea. Kuvu na wanyama wako kwenye tawi moja la uhai, tawi ambalo mimea haimo. Kwa maana hiyo ngisi ana undugu wa karibu zaidi na uyoga kuliko uyoga ulivyo na undugu na mti unaoumea juu yake. Babu yao wa pamoja aliishi zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, alikuwa kiumbe cha seli moja, na hakuna dalili kwamba alitoa mwanga.

Undugu huo umeacha alama zinazoonekana mpaka leo. Kuta za seli za kuvu zimejengwa kwa kitini, dutu ngumu kama ile ya maganda ya wadudu. Mdomo wa ngisi, ule unaofanana na wa kasuku, pamoja na ule unyoya mwembamba wa kama plastiki unaoutoa ndani ya mwili wake unapomsafisha, navyo vina kitini. Wote wawili huhifadhi akiba ya nishati kama glaikojeni, wakati mimea huhifadhi wanga. Kwangu mimi hili linashangaza kuliko hata mwanga wenyewe, lakini ni nadra mtu kuliuliza.

3. Kwa hiyo mwanga wao umetoka kwa babu huyo mmoja?

Hapana. Uwezo wa kutoa mwanga umezuka upya mara nyingi katika historia ya viumbe. Makadirio ya miaka ya karibuni yanafikia angalau mara 94, kila mara katika ukoo tofauti. Kuvu waliupata kwa njia yao, ngisi kwa njia zao. Ndiyo maana ukichungulia kemia utakuta mambo hayafanani, kama inavyoelezwa katika swali la 5.

## Mwanga

4. Mwanga hutokeaje bila moto?

Kiini chake ni kemikali inayokutana na oksijeni. Kemikali hiyo huitwa kwa jina la jumla lusiferini, na kimeng'enya kinachoharakisha tukio huitwa lusiferesi. Majina hayo yalitolewa na Mfaransa Raphaël Dubois mwishoni mwa karne ya 19. Oksijeni inapoungana na lusiferini, molekuli inayozaliwa huwa na nishati ya ziada, na huitoa kwa njia ya mwanga badala ya joto.

Kwamba hewa ni lazima ilijulikana mapema zaidi. Katika miaka ya 1660 Robert Boyle aliweka kipande cha mti uliooza na unaong'aa ndani ya chombo cha kioo, akatoa hewa kwa pampu. Mwanga ukafifia. Aliporudisha hewa, ukarudi. Hakujua kwamba ndani ya mti ule kulikuwa na kuvu, wala hakuhitaji kujua ili aone kwamba mwanga huo, kama moto, hutegemea hewa.

5. Je, kemikali zao ni zilezile?

Hapana, na hapa ndipo ulinganisho unapoanza kunoga.

Kuvu huanza na asidi ya kafeiki, kitu cha kawaida kabisa kinachopatikana pia katika mimea. Huigeuza kuwa hispidini, kisha kuwa 3-haidroksihispidini, ambayo ndiyo lusiferini yenyewe. Ilitambuliwa mwaka 2015. Ikishaungana na oksijeni na mwanga ukatoka, mabaki yake hurudishwa tena kuwa asidi ya kafeiki, na mzunguko unaanza upya. Jeni zinazoendesha mzunguko huo zilielezwa mwaka 2018, na inaonekana kuvu zote zinazong'aa hutumia njia hiyohiyo moja.

Ngisi wengi wa kilindini hutumia selentirazini au jamaa zake. Hii ni kemikali iliyoenea mno baharini: wanayo kamba, samaki, jelifishi na viumbe wadogo wanaoelea. Wanyama wengi hawaitengenezi wenyewe bali huipata kwa kula wanaoitengeneza. Ngisi kimulimuli hutumia aina yake iliyobadilishwa kidogo, na kwake tukio zima linahitaji pia ATP, yaani sarafu ya nishati ya seli.

Kwa kifupi, kuvu hujitengenezea mafuta ya taa yake kutokana na mti inaoula, wakati baharini mafuta hayo yanazunguka kutoka tumbo moja hadi jingine.

6. Kwa nini uyoga hutoa kijani na ngisi hutoa buluu?

Mwanga wa kuvu uko karibu na nanomita 520 hadi 530 (kipimo cha urefu wa mawimbi ya mwanga), ambao jicho letu huuona kama kijani. Wa ngisi wengi uko karibu na nanomita 470, yaani buluu.

Kwa ngisi sababu ni maji. Bahari humeza mwanga mwekundu ndani ya mita chache tu, lakini buluu husafiri mbali. Macho ya viumbe wengi wa kilindini yamezoea rangi hiyo, hivyo anayetaka kuonekana, au anayetaka kujificha ndani ya mwanga hafifu unaotoka juu, hana budi kutumia buluu. Nchi kavu hakuna chujio kama hilo. Kijani cha kuvu kinatokana na umbo la molekuli yake.

7. Je, wanaweza kuuwasha na kuuzima?

Ngisi anaweza, na kwa ustadi wa hali ya juu. Taa zake ni viungo kamili: zina tabaka la kuakisi mwanga, nyingine zina lenzi, nyingine zina chujio la rangi, na zimeunganishwa na mishipa ya fahamu. Ngisi kimulimuli ana mamia ya taa ndogo kwenye ngozi ya upande wa chini, tano chini ya kila jicho, na tatu kubwa kwenye ncha ya kila mmoja wa mikono yake miwili ya chini. Hizo za mikononi hufunikwa na vifuko vya rangi nyeusi; vikijikunja, mwanga hupasuka ghafla, vikitanuka hutoweka. Taningia danae ana taa zenye ukubwa wa limau, na kila moja ina ngozi inayofunika na kufunua kama kope.

Kuvu haina kope. Mwanga wake hutoka mfululizo, mchana na usiku, ilimradi kuna unyevu, hewa na chakula. Kuna jambo moja la kuongeza ili tusiidharau: katika Neonothopanus gardneri, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba mwanga huongezeka usiku na kupungua mchana kwa kufuata saa ya ndani ya mwili, hata kuvu ikiwekwa gizani muda wote. Kwa hiyo hupanda na kushuka, ila hauzimiki.

8. Ngisi hutumia mwanga wake kwa kazi gani?

Kazi ya kwanza ni kujificha. Kati ya mita 200 na 1,000 bado kuna mwanga kidogo wa jua unaotoka juu, na mnyama yeyote anayeelea huonekana kutoka chini kama kivuli. Ngisi huwasha taa za tumboni kwa kiwango kilekile cha mwanga unaomjia kutoka juu, na kivuli kinafutika. Kwa Histioteuthis jambo hili limebadili hata uso: jicho moja ni kubwa mno na hutazama juu kusaka vivuli, jingine ni dogo na hutazama chini kusaka mimweko ya wengine.

Kazi ya pili ni vita. Mwaka 2005 kundi la Mjapani Tsunemi Kubodera lilirekodi Taningia danae karibu na visiwa vya Ogasawara akitoa mimweko mikali alipokuwa akivamia chambo, pengine ili kumduwaza windo au kupima umbali. Octopoteuthis deletron huachia kabisa ncha ya mkono wake mwilini mwa adui, na kipande hicho kinaendelea kumeta huku mwenyewe akitokomea. Heteroteuthis naye hutema ute unaong'aa, kwa kuwa kule chini wino mweusi peke yake hausaidii kitu.

Ya tatu ni mawasiliano kati yao, ingawa kuona ngisi akizungumza na mwenzake mita 600 chini si kazi rahisi. Dalili moja ni kwamba ngisi kimulimuli ana rangi tatu za kuonea machoni, wakati ngisi wengi wana moja tu. Jicho la namna hiyo lingeweza kutofautisha mwanga wa mwenzake na ule unaotoka juu.

9. Na uyoga? Unamwangazia nani?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake lina mabishano.

Jibu linalopendwa ni kwamba uyoga huita wadudu wausambazie spora, yaani chembe ndogo za kuzalia. Msituni chini hakuna upepo wa maana, na mdudu anayetambaa juu ya kofia huondoka na spora miguuni. Utafiti wa Brazili uliotajwa katika swali la 7 ulitengeneza uyoga wa bandia wenye taa ndogo za kijani na mwingine usio na taa, wote ukapakwa gundi. Ule wenye taa ulinasa wadudu wengi zaidi. Kwa kuongezea, kiumbe kisichohitaji mwanga kisingejisumbua kuuongeza usiku.

Lakini mwaka 2016 watafiti wa Australia walijaribu jambo kama hilo kwa Omphalotus nidiformis, ambao hung'aa sana, na hawakuona wadudu wakivutwa na mwanga wake. Tena kuna Armillaria: kwake kinachong'aa ni nyuzi zilizo ndani ya mti na chini ya gome, uyoga wenyewe unaochomoza nje haung'ai. Spora haziko kwenye nyuzi. Sasa mdudu aitiwe nini humo?

Maoni yangu ni kwamba watu hukosea wanapodai jibu moja kwa kuvu zote. Inawezekana kabisa mwanga ulianza kama mabaki ya kazi nyingine ya kemikali ndani ya seli, kisha spishi chache zikaugeuza kuwa na faida. Kwa ngisi hakuna shaka kwamba kuna anayekusudiwa, awe adui, windo au mwenzake. Kwa kuvu nyingi huenda hakuna anayekusudiwa, na hilo halipunguzi uzuri wake.

10. Si ni bakteria tu wanaong'aa ndani yao?

Kwa kuvu, hapana. Mwanga ni wake mwenyewe. Kwa ngisi inategemea. Baadhi ya ngisi wafupi wa mviringo, kama Euprymna scolopes wa Hawaii, hufuga bakteria wa mwanga katika kiungo maalumu, lakini huyo ni wa maji ya kina kifupi. Ngisi wa kilindini waliotajwa katika swali la 1 hutegemea kemia yao wenyewe.

Mkanganyiko huzidi kwa sababu ngisi au samaki yeyote aliyekufa na kuanza kuharibika anaweza kung'aa gizani. Huo kweli ni mwanga wa bakteria.

## Mwili na maisha

11. Nani mkubwa?

Kuvu, tena kwa mbali. Ngisi mrefu kuliko wote, Architeuthis, hufikia mita 12 hivi ukihesabu na minyiri yake miwili mirefu. Mzito kuliko wote ni Mesonychoteuthis hamiltoni. Mmoja aliyenaswa mwaka 2007 katika Bahari ya Ross alikuwa na kilo 495.

Sasa tazama upande wa pili. Katika msitu wa Malheur, jimbo la Oregon nchini Marekani, kuna Armillaria ostoyae mmoja aliyeenea chini ya ardhi eneo la hekta 965. Huko Michigan yuko Armillaria gallica ambaye uzito wake ulikadiriwa mwaka 2018 kuwa karibu tani 400. Ukitembea juu yao huoni kitu isipokuwa miti inayokauka, na uyoga wa rangi ya asali wakati wa msimu wake.

12. Nani huishi muda mrefu?

Hapa pia ngisi hana la kusema. Ngisi kimulimuli huishi takriban mwaka mmoja: anakua, anapanda pwani majira ya kuchipua, anataga, anakufa. Ngisi wengi wana maisha mafupi ya namna hiyo, hata walio wakubwa. Yule Armillaria wa Michigan ana angalau miaka 2,500. Wa Oregon makadirio yake huanzia takriban miaka 2,000 na kupita 8,000, kwa kuwa umri hupatikana kwa kupima kasi ya kuenea, na kasi hiyo hubadilika.

13. Je, uyoga una akili kama ngisi?

Hauna ubongo wala seli za fahamu. Nyuzi zake hupitisha mabadiliko ya umeme na hubadili uelekeo zinapogusa chakula, lakini kuiita hiyo akili ni kulipanua neno mpaka likose maana.

Ngisi ana ubongo mkubwa kuliko wa moluska karibu wote, na ana nyuzi za fahamu nene ajabu. Za ngisi wa pwani hufikia unene wa milimita moja, ndiyo maana Alan Hodgkin na Andrew Huxley walizitumia kueleza jinsi ujumbe unavyosafiri katika neva, kazi iliyochapishwa mwaka 1952 na kuwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1963. Taa zinazowashwa na kuzimwa kwa nukta (swali la 7) zinategemea mfumo huo wa fahamu.

14. Wanakula nini? Kuna ngisi anayeishi kama kuvu?

Kuvu hula kwa kutoa vimeng'enya nje ya mwili, kuyeyusha kilichopo, kisha kufyonza. Zinazong'aa nyingi huozesha mbao na zina uwezo wa kuvunja hata lignini, ile sehemu ngumu ya mti ambayo viumbe wachache sana huimudu. Ngisi ni mwindaji: hunasa kwa minyiri, huuma kwa mdomo, hukwangua kwa ulimi wenye meno.

Isipokuwa Vampyroteuthis infernalis. Carl Chun alimwelezea mwaka 1903 baada ya safari ya meli ya Valdivia, na jina na sura yake vimemfanya adhaniwe kuwa mnyonya damu. Kumbe hali damu wala hawindi. Utafiti wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba huishi kwa kukusanya takataka zinazonyesha kutoka juu: vipande vya viumbe waliokufa, vinyesi, maganda na ute. Huzinasa kwa uzi mrefu, huzifunga kwa kamasi, kisha hula. Anaishi katika tabaka lenye oksijeni kidogo mno, ambako wawindaji wengi hawakai. Akibughudhiwa hutoa ute wenye chembechembe zinazong'aa kutoka ncha za mikono na kujikunja ndani ya utando wake.

Ukitaka mkazi wa bahari anayekaribiana na kuvu ya msituni kwa kazi, basi ni huyu, mla mabaki anayeng'aa. Wataalamu wamempa oda (ngazi ya uainishaji wa viumbe) yake mwenyewe, kwani si ngisi wala pweza, na nasaba yake iko karibu zaidi na pweza.

15. Wanazaaje?

Uyoga hutoa mamilioni ya spora na kuziacha ziende; karibu zote hupotea. Spora mbili zinazolingana zikiota jirani, nyuzi zao huungana.

Ngisi wengi nao hutaga na kuondoka. Gonatus onyx ni tofauti: jike hushika kwa mikono yake fungu la mayai 2,000 hadi 3,000 na kulibeba kwenye kina cha kati ya mita 1,500 na 2,500 kwa miezi kadhaa, huku halili. Mpaka mayai yanapoanguliwa, mwili wake umekwisha kulegea.

## Maswali ya pembeni

16. Nimeona picha ya uyoga wenye minyiri myekundu. Ni ngisi aliyetupwa msituni?

Ni Clathrus archeri. Huanza kama yai jeupe ardhini, likapasuka na kutoa mikono minne hadi minane myekundu yenye utelezi mweusi unaonuka mzoga. Nzi huja, hula utelezi na kuondoka na spora. Asili yake ni Australia na New Zealand, na umeenea Ulaya tangu mapema karne ya 20. Haung'ai hata kidogo. Kufanana kwake na ngisi ni kwa macho tu.

17. Je, kuna kuvu huko kilindini?

Zipo. Zimepatikana katika matope ya sakafu ya bahari na kwenye mbao zilizozama, nyingi zikiwa ndogo za kuonekana kwa darubini tu. Hakuna ya kilindini inayojulikana kung'aa.

Kuna tukio moja, hata hivyo, ambapo mwanga wa kuvu ulitumika ndani ya chombo cha chini ya maji. Nyambizi ya mbao iitwayo Turtle, iliyobuniwa na Mmarekani David Bushnell na kutumika mwaka 1776, haikuweza kuwasha mshumaa kwa kuwa ungemaliza hewa. Dira na kipima kina viliwekewa vipande vya mti unaong'aa ili rubani avisome gizani.

18. Mwanga wao umewasaidia nini binadamu wa leo?

Mzunguko wa kuvu umehamishiwa kwenye mimea. Kwa kuwa mimea tayari ina asidi ya kafeiki (swali la 5), ilitosha kuongeza jeni chache, na mwaka 2020 ilitangazwa mitumbaku inayong'aa yenyewe bila kumwagiliwa kemikali yoyote. Mwaka 2024 maua ya petunia yaliyotengenezwa kwa njia hiyo yalianza kuuzwa Marekani. Kemia ya ngisi haiwezi kufanya hivyo kirahisi, kwa sababu mimea haitengenezi selentirazini. Hata hivyo selentirazini hutumika sana maabara, ambako humiminwa juu ya seli ili kuona jeni zipi zinafanya kazi.

19. Wanalika?

Uyoga wa Omphalotus una sumu na huleta kutapika na kuharisha vibaya. Huchumwa kimakosa kwa kudhaniwa kuwa uyoga mwingine wa kuliwa. Kung'aa hakusemi kama uyoga una sumu au hauna. Usile uyoga wowote wa porini ambao haujatambuliwa na mjuzi.

Ngisi kimulimuli huliwa sana Japani, lakini akiwa mbichi anaweza kuwa na minyoo, hivyo hupikwa au hugandishwa kwa baridi kali kwanza. Ngisi wakubwa wa kilindini kama Architeuthis hawafai: miili yao imejaa amonia inayowasaidia kuelea, na nyama yao huwa chungu.

20. Nawezaje kuwaona kwa macho yangu?

Uyoga ni rahisi zaidi. Nenda msitu wenye unyevu usiku usio na mwezi, zima taa zote, simu ikiwemo, kisha subiri nusu saa macho yazoee giza. Mwanga wenyewe ni hafifu. Picha zinazosambaa, zenye uyoga wa kijani kikali, mara nyingi zimepigwa kwa kuacha kamera wazi kwa dakika kadhaa, na jicho halitaona hivyo. Anayekwenda akitarajia ile picha hurudi amenuna.

Kwa ngisi, mahali panapojulikana ni Ghuba ya Toyama, Japani, ambako ngisi kimulimuli hupanda kwa wingi kati ya Machi na Mei kutaga. Bahari wanamokusanyika ilitangazwa kuwa hazina maalumu ya asili mwaka 1952. Mji wa Namerikawa una jumba la makumbusho lao, na msimu ukifika boti hutoka alfajiri kabla ya mapambazuko kufuata wavuvi. Wavu unapovutwa, ngisi hushtuka na kuwasha taa zote kwa pamoja, kwa hiyo unachokiona pale ni mwanga wa hofu. Wa kule chini mita 400, wanapokuwa peke yao, huonwa na kamera za nyambizi tu.